Mlio usioujua redioni: namna ninavyokagua kama ni setilaiti

Mlio ulioninyima usingizi ulikuwa mwembamba kama filimbi ya mtoto, kwenye megahezi 145.97 na ushee. Ulianza juu, ukateremka taratibu kwa dakika karibu ishirini, ukapotea. Kesho yake ukarudi. Mimi ni fundi wa redio na runinga hapa Busia, upande wa Uganda. Redio zinazokoroma, zinazokwaruza na zinazolia kama mbuzi nimezizoea, lakini huu sikuwahi kuusikia. Kijana anayenisaidia kibandani akasema ni viumbe wa sayari nyingine, turekodi tutajirike. Jirani yangu, askari mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Afande, akasema ni wapelelezi. Mke wangu akasema ni kinu cha posho cha pale nyuma, nirudi ndani nikalale. Nilimwamini mke wangu, kwa sababu kati ya wote yeye ndiye aliyesema jambo linaloweza kupimwa.

Ilinichukua wiki mbili na zaidi kuujua ule mlio, na nyingi ya siku hizo nilizipoteza kwa kosa moja la kijinga la saa. Nitalieleza mbele. Tangu hapo nina utaratibu ninaoufuata kila kitu cha ajabu kikitokea kwenye kioo cha laptopu, na ndio ninaowaandikia hapa.

Vifaa, kwa kifupi

Dishi kubwa si lazima. Tafuta laptopu hata ya zamani, kidude cha RTL-SDR kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na antena ya kujitengenezea. Kidude hicho kiliundwa kwa ajili ya kupokea TV ya dijitali, kisha watu wakagundua kinaweza kugeuzwa redio ya kompyuta inayosikia kuanzia megahezi 24 hadi 1,766 hivi. Nunua chenye fuwele iliyotulizwa dhidi ya joto, huandikwa TCXO. Duka moja la Kampala liliniuzia changu cha kwanza likaapa kwamba ni chenyewe. Nilipokifungua nikakuta fuwele ya kawaida, ya bei ya maandazi, na kilikuwa kinahama zaidi ya kilohezi mbili kila kikipata joto. Hilo litatusumbua mbele kidogo.

Antena nilitengeneza kwa waya mgumu wa shaba, ule wa kufungia umeme wa nyumba. Kata vipande viwili vya sentimita 49 kwa megahezi 145, au sentimita 53 kama unataka megahezi 137. Kimoja kiunge kwenye moyo wa kebo ya TV, kingine kwenye wavu wake, vilale sambamba na ardhi na vifungue pembe ya digrii 120, kama herufi V iliyochoka. Changu kimefungwa kwenye mti wa mianzi, mbali na mabati. Mabati ni adui: yanarudisha mawimbi na kukuchanganya.

Programu za kusikilizia ni za bure. Mimi natumia SDR++, wengine wanapenda Gqrx. Weka upokeaji wa aina ya CW au USB. (USB hii ni jina la aina ya upokeaji, siyo lile tundu la kuchomekea. Kijana wangu alizunguka na waya nusu saa.) Ukiacha kwenye FM, mlio mtupu huusikii kabisa, utasikia tu kelele zikinyamaza na utadhani hakuna kitu.

Kusikiliza hivi ni kupokea tu. Kurusha mawimbi ni jambo lingine, linahitaji leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwa hiyo usishawishike kujibu. Na ukikuta watu wanazungumza mambo yao, pita.

Anza na nyumba yako

Hapa ndipo mafumbo mengi yanapokufa, na ndiyo sehemu ambayo watu wanairuka kwa sababu haina raha. Kabla hujatazama juu, tazama chumbani. Chaja ya simu ya bei rahisi, taa ya LED, kidhibiti cha sola, king'amuzi, inverta, kile kibodi cha kuingizia tokeni za umeme wa Yaka: vyote vinaweza kutoa mlio uliosimama kama mkuki kwenye kioo.

Chomoa antena. Mlio ukibaki vile vile, unatoka kwenye laptopu au kwenye kidude chenyewe, umeshamaliza kazi. Ukipotea, rudisha antena, hamia kwenye betri ya laptopu, na uzime swichi kuu ya nyumba. Halafu punguza nguvu ya upokeaji hatua moja moja. Hapa Busia stesheni za FM za Uganda na za Kenya zinakanyagana, na kidude kikilemewa kinazaa mizimu: stesheni inatokea mahali isipokuwepo. Mzimu ukipunguziwa nguvu kidogo tu unatoweka ghafla, ilhali mawimbi ya kweli yanafifia sawia na kelele zinazoyazunguka.

Kipimo kikuu kuliko vyote tunacho bure: umeme kukatika. Watu wakilalamika gizani, mimi nakimbilia laptopu. Mtaa mzima ukizimika, kelele zinashuka kwa namna ambayo pesa haziwezi kununua, na kinachobaki hewani ama kina betri yake ama kinatoka mbali.

Kuhusu kile kinu, nilikwenda kwa mwenye kinu nikamwomba azime kwa dakika ishirini kuanzia saa mbili kasoro usiku. Akanitazama.

"Fundi, unataka nizime kinu wakati wateja wamepanga foleni?"

"Dakika ishirini tu, kaka. Ni kipimo."

"Kipimo cha nini?"

"Cha redio."

"Basi leta elfu tano ya hicho kipimo."

Nikalipa. Kinu kikazimwa, mama mmoja mwenye debe la mahindi akanisonya, na mlio ukaja kwa wakati wake, ukateremka, ukaenda. Elfu tano zangu zilikwenda hivyo, lakini mke wangu alikubali kwamba si kinu.

Nisingewaambia haya kama ni aibu yangu peke yangu. Pale Parkes, Australia, kwenye darubini ya redio yenye sinia la mita 64, wanasayansi walipokea kwa miaka mingi milipuko mifupi ya ajabu waliyoipa jina la "perytons". Mwaka 2015 walitoboa siri: ni tanuri la maikrowevu la wafanyakazi, mtu alipofungua mlango kabla halijamaliza. Chakula cha mchana cha mtu kilikuwa kinaingia kwenye takwimu.

Mlio unateremka? Tazama unavyoteremka

Simama kando ya barabara ya Tororo trela likija huku limeshikilia honi. Likiwa linakuja, honi ni nyembamba. Likikupita, inakuwa nzito. Dereva hajagusa chochote, ni mwendo tu. Setilaiti inafanya vile vile kwenye mawimbi ya redio. Kituo cha kimataifa cha anga kinapita juu yetu kwa kasi ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kimo cha kilomita 400 hivi. Kikirusha kwenye megahezi 145.800, wewe utakipokea kilohezi 3.5 juu ya hapo kikichomoza, na kilohezi 3.5 chini kikizama. Kwenye megahezi 437, ambako setilaiti ndogo nyingi huongea, tofauti hiyo ni kama kilohezi 10 kila upande.

Kwenye mchoro wa maporomoko (ile picha ya rangi inayoshuka kwenye kioo), hilo linachora umbo la herufi S iliyonyooshwa: karibu wima mwanzoni, linakata kwa kasi katikati, linarudi karibu wima mwishoni. Mambo matatu ya kulikagua umbo hilo:

Mosi, upande. Kitu kinachopita na kurusha masafa yasiyobadilika huanza kwenye masafa ya juu na kumalizia kwenye masafa ya chini, sikuzote. Ukiona masafa yanapanda, hiyo si setilaiti inayopita juu yako. Tafuta kitu kinachopoa au kupata moto karibu nawe.

Pili, katikati ya S. Wakati ule mstari unakata kwa kasi zaidi ndio wakati kitu kilipokuwa karibu nawe kuliko wakati wowote. Andika dakika hiyo, na sekunde kama unaweza. Ukali wa mkato nao unasema jambo: ukali zaidi, kimepita karibu zaidi.

Tatu, muda. Kituo cha anga hakikai zaidi ya dakika kumi au kumi na moja kutoka upeo hadi upeo. Mlio wangu ulikaa karibu ishirini. Kwa hiyo chochote kilichokuwa kinalia kilikuwa juu zaidi ya kituo, mara kadhaa. Hilo lilipaswa kunizindua siku ya kwanza.

Sasa ile fuwele ya maandazi. Kidude kikipata joto, masafa yanahama polepole na mstari unainama hata kama hakuna kinachosogea. Kiache kiwake nusu saa kabla ya kuamini mteremko wowote. Mstari wa joto unainama mara moja na kutulia. Hauna tumbo la S.

Kanuni hii ni ya kale kuliko mafundi wengi tunaowajua. Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, tarehe 4 Oktoba 1957, ikilia piip-piip kwenye megahezi 20.005, vijana wawili wa maabara ya Johns Hopkins kule Marekani, Guier na Weiffenbach, walikaa na redio, wakarekodi jinsi mlio unavyohama, na kutokana na mhamo huo peke yake wakaipata njia ya setilaiti. Walichofanya wao ndicho utakachofanya wewe, isipokuwa kompyuta itakusaidia hesabu.

Daftari, na ugonjwa wa saa

Nunua daftari. Simu inafutika, na watoto wanachezea. Kila mlio andika tarehe, saa ulipoanza, saa ya mkato, saa ulipoisha, masafa ya juu na ya chini. Siku tatu nne zikipita, marudio yanaanza kusema.

Kinachorudi saa ile ile kila siku, dakika kwa dakika, ni cha binadamu wa ardhini: taa ya usalama, saa ya kiwanda, jirani anayewasha runinga kwa ajili ya taarifa ya habari. Kinachorudi baada ya dakika tisini au mia na ushee, mara mbili tatu, kisha kikapotea kwa saa nyingi, ni setilaiti ya chini. Kinachowahi kwa dakika nne kila siku kinaifuata anga ya nyota, kwa sababu nyota huchomoza mapema kwa takriban dakika 3 na sekunde 56 kila siku. Ndivyo Jocelyn Bell, mtafiti wa nyota, alivyojua, mwaka 1967 kule Cambridge, kwamba mapigo yake ya kila sekunde 1.337 hayatoki kwa magari wala kwa mitambo ya jirani: yalikuwa yanatembea na nyota. Wenzake waliyapa kwa utani jina la vijitu vya kijani. Ikawa ni nyota aina ya pulsa, ya kwanza kujulikana.

Lakini usikimbilie kushangilia dakika nne. Setilaiti za GPS huzunguka dunia mara moja kila saa 11 na dakika 58, kwa hiyo nazo zinarudi mahali pale pale dakika nne mapema kila siku. Kipimo cha nyota kinapitwa na kitu kilichomo ndani ya kila simu. Kama masafa yako yanakaribia megahezi 1,575, nyamaza kwanza.

Na sasa kosa langu. Daftari langu la wiki ya kwanza linasema hivi: Jumatatu saa 2 kasoro dakika 5. Jumanne saa 3 kasoro dakika 11. Jumatano saa 2 kasoro 12. Safi kabisa, sivyo? Nikafungua Gpredict, programu inayoonyesha setilaiti gani ipo juu yako wakati gani, nikatafuta kilichopita saa 20 kasoro. Nikakuta kitu, nikafurahi, nikamwambia Afande. Kesho yake hakikulingana. Nikatafuta kingine. Siku kumi nzima nilikuwa naokota setilaiti na kuzitupa.

Programu ilikuwa inasoma UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima. Saa yetu ya Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya hiyo, na saa ya Kiswahili iko saa sita nyuma ya saa ya ukutani. Nilishasahihisha moja, nikasahau nyingine. Sasa nimeandika kanuni kwa kalamu ya wino mzito juu ya jalada: saa ya mchana ongeza 3, saa ya usiku ongeza 15, saa kumi na mbili ihesabu sifuri. Saa 4 asubuhi ni 7 UTC. Saa 2 usiku ni 17 UTC. Saa 10 alfajiri inakuwa 25, yaani saa 1 UTC, na angalia: tarehe ya UTC hubadilika kwetu saa tisa usiku, siyo saa sita. Andika pia "asubuhi" au "usiku" kila mara. Setilaiti inayopita karibu na ncha za dunia hukupitia mara mbili kwa siku, takriban saa kumi na mbili mbalimbali, na katika daftari la Mswahili hizo zote ni "saa 2".

Kulinganisha na orodha

Iambie Gpredict ulipo. Busia ni kama 0.47 kaskazini na 34.09 mashariki, weka za kwako. Pakua vipimo vipya vya njia za setilaiti, ile mistari miwili ya tarakimu kwa kila moja ambayo tovuti ya Celestrak huitoa bure. Vipimo vya mwezi uliopita vitakudanganya kwa dakika nzima au zaidi kwa setilaiti za chini, maana hewa nyembamba ya juu inazivuta.

Kisha tafuta kwa mpangilio huu: kwanza wakati wa mkato, pili urefu wa pito, mwisho masafa. Watu wengi huanza na masafa, na mimi nasema ni kosa, kwa sababu setilaiti nyingi hugawana masafa yale yale, tena orodha za masafa zina makosa. Wakati wa pito hazigawani. Kitu kilichokuwa karibu zaidi nawe saa 16:55 UTC Jumatatu, saa 17:49 Jumanne na saa 16:48 Jumatano ni kimoja tu.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa setilaiti zilizorushwa kwa mafungu. Januari 2021 roketi moja ilibeba 143 kwa mpigo. Siku za mwanzo zote zinatembea kama kundi la mbuzi na hata wenyewe hawajui ipi ni ipi. Ya kwetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilikuwa kijisanduku cha sentimita kumi kila upande, iliyotengenezwa na wahandisi watatu wa Uganda kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Ilipaa tarehe 7 Novemba 2022, ikaachiwa kutoka kituo cha anga tarehe 2 Desemba pamoja na ya Zimbabwe. Zote mbili ziliteremka polepole na kuungulia hewani, kama ilivyo kawaida ya vijisanduku vya namna hiyo. Orodha za zamani bado zinazo, kwa hiyo hakikisha unachokitafuta bado kipo.

Jua na kivuli: siku Afande alipokaa na vipokea sauti masikioni

Baada ya kusahihisha saa, jina lililobaki lilikuwa moja, nami sikuliamini. AO-7, setilaiti ya wapenzi wa redio. Ilirushwa tarehe 15 Novemba 1974. Betri zake ziliungana ndani kwa ndani mwaka 1981, ikafa. Ningewezaje kusikia maiti?

Nikamwita Afande. Alikuwa mtu wa redio jeshini na hajasahau. Nilimpa kiti cha plastiki, nikamvalisha vipokea sauti. Antena ilikuwa inaangalia kaskazini na kusini, anga safi, mbu wengi. Saa 2 kasoro robo usiku mlio ukaingia, dhaifu, ukapanda nguvu. Afande akainua kidole.

"Kijana, huu siyo mlio mtupu. Unakatwakatwa."

"Unakatwaje, Afande?"

"Nukta nne, nukta mbili. Nukta nne, nukta mbili." Akagonga kwa kucha kwenye goti. "H, I. H, I. Halafu tarakimu."

Mimi nilikuwa nimetazama mchoro kwa wiki mbili nisisikilize. Setilaiti ile huanza ripoti yake ya Morse, ile lugha ya nukta na vistari, kwa kusema HI mara mbili, kisha inasoma vipimo vya mwili wake. Mwaka 2002 zile betri zilizoungana ziliachana, umeme wa paneli za jua ukapata njia, ikafufuka. Lakini haina betri, kwa hiyo ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazimika papo hapo, na ikitoka inaamka upya.

Ndiyo maana pito la saa 3 kasoro la Jumanne lilikatika katikati kama bomba lililofungwa, huku programu ikisema kitu bado kiko juu upande wa mashariki. Jioni kivuli cha dunia kinapanda kutoka mashariki. Na ndiyo maana pito lililofuata, baada ya dakika 115, halikusikika kamwe. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote: Gpredict inakuonyesha kama setilaiti iko juani au kivulini. Mlio ukifa kwenye mpaka wa kivuli kwa usiku tatu mfululizo, hakuna hoja ya viumbe wa mbali. Viumbe wa mbali hawana sababu ya kuheshimu kivuli chetu.

Afande alikaa hadi ikazimika. Akaniuliza ana miaka mingapi huyo aliye huko juu. Nikamwambia. Akasema amemzidi yeye utumishi.

Zilizokufa, na zisizoandikwa

AO-7 haiko peke yake. LES-1 ya Marekani, iliyorushwa 1965 na kunyamaza 1967, ilisikika tena kwenye megahezi 237, mwaka 2013, na msikilizaji wa Cornwall, Uingereza, Phil Williams. Sauti yake inapanda na kushuka kila sekunde nne hivi kwa sababu inabiringika na paneli zake zinapata na kukosa jua. Januari 2018 Scott Tilley, msikilizaji wa Kanada, alikuwa anatafuta setilaiti ya siri, akaiokota IMAGE ya NASA iliyopotea tangu Desemba 2005. Hawakuwa na darubini za mabilioni.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha tarehe 13 Juni 2024. Darubini ya ASKAP huko Australia, inayotafuta milipuko ya redio kutoka galaksi za mbali, ilipokea mpigo wenye nguvu kubwa uliodumu chini ya nanosekunde 30. Walipotaka kuuchora, picha ikawa na ukungu, kwa sababu chanzo kilikuwa karibu mno: kilomita 4,500 hivi. Mahali pale palikuwa na Relay 2, setilaiti ya 1964 iliyoacha kufanya kazi 1967. Hakuna redio ndani yake iliyowaka. Wanachodhani ni cheche ya umeme uliojikusanya kwenye bati lake, au kijiwe kidogo kilichoipiga na kutoa wingu la moto. Yaani hata chuma kilichokufa kabisa kinaweza kupiga kelele. Wewe na mimi hatutausikia mpigo kama huo: kidude chetu huchukua sampuli moja kila nanosekunde 417, na hapo umeshapita mara kumi na nne.

Walijuaje pia kwamba hautoki mbali? Mawimbi yanayovuka anga ya mbali hupita katika elektroni zilizotawanyika huko, na masafa ya chini huchelewa nyuma ya yale ya juu. Huu ulifika karibu wote kwa pamoja.

Kuna pia setilaiti za kijeshi ambazo njia zake hazimo kwenye orodha ya kawaida. Ukipata S nzuri, yenye marudio mazuri, na hakuna jina linalolingana, hiyo ndiyo maana ya kwanza ya kuifikiria.

Na zile zisizosogea

Mlio ambao hautembei, hauna S, uko pale usiku na mchana: kabla hujasema ni wa ardhini, kumbuka setilaiti za kimo cha kilomita 35,786 zinazozunguka pamoja na dunia. Kwetu zimekaa juu kabisa, karibu na utosini. Madishi yetu yamelala karibu chali, tofauti na ya Ulaya yanayotazama kusini. Jaribu kuzungusha antena. Cha ardhini kitabadilika unapogeuza pembeni, cha utosini hakijali. Na subiri Machi au Septemba: kwa siku chache jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na mapokezi yanazama kwa dakika chache. Wateja wangu wanaotazama TV ya dishi kwenye digrii 36 mashariki huniletea malalamiko hayo kila Machi, mchana, saa saba kasoro robo hivi. Nawaambia warudi nyumbani, itakuwa imerudi kabla hawajafika. Wengine hudhani nakataa kazi.

Kikibaki bila jina

Ule mlio maarufu ulionaswa na darubini ya redio ya Ohio, Marekani, tarehe 15 Agosti 1977, ule ambao Jerry Ehman aliuandikia "Wow!" pembeni ya karatasi, ulidumu sekunde 72, muda ule ule ambao nukta moja ya anga ya nyota ilihitaji kuvuka jicho la darubini ile. Ulikuwa karibu na megahezi 1,420, masafa ambayo setilaiti haziruhusiwi kurushia. Kwa hiyo ulipita vipimo vyangu viwili, ukashindwa cha tatu: haukurudi tena. Kitu kilichotokea mara moja kinabaki kwenye daftari, hakiendi kwenye magazeti. Hata ule wa 2019 wa Parkes kwenye megahezi 982, uliodhaniwa unatoka Proxima Centauri, nyota jirani ya jua letu, ulichunguzwa hadi ikaonekana ni vurugu za mitambo ya binadamu.

Kama unataka mwenzako akusaidie, usimpelekee video ya simu iliyopiga kioo cha laptopu. Rekodi mawimbi ghafi. Lakini usirekodi upana wote: kwa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, hata kwa baiti moja moja, pito la dakika ishirini linameza karibu gigabaiti 6, na bando la kuzituma litakufilisi. Punguza hadi sampuli 250,000, utapata megabaiti 600 hivi. Andika kwenye jina la faili tarehe na saa ya UTC, masafa ya katikati, na ulipo. Mwambie na kilichokuwa kimewashwa nyumbani. Mimi huandika hata kama kinu kilikuwa kinasaga.